Kabla hujanunua redio mpya ya gari kisa Bluetooth

Jamani watu wanaliwa hela bure. Juzi shemeji yangu kaambiwa na fundi redio ya Noah yake imekufa, alete laki tatu na nusu afungiwe nyingine, kisa simu mpya haishiki Bluetooth. Nikamwambia shem usitoe hata mia. Tukakaa kwenye gari pale Mwenge, nikafungua listi ya simu kwenye redio nakuta zimejaa tano, mbili za dereva aliyeacha kazi, moja ya mwanae iliyoibiwa zamani. Redio nyingi zina nafasi chache, zikijaa hazipokei simu nyingine, na hilo onyo likitokea ni la Kijapani nani atalisoma! Tukafuta zote, kwenye simu nako tukalifuta jina la gari, tukaunganisha upya, ikashika hapohapo.

Na hapa ndo wengi wanakosea, wanadhani kufuta upande mmoja inatosha. Mara nyingi haitoshi. Simu na gari zikiunganishwa kila moja inatunza namba ya siri ya kumtambua mwenzake, ukifuta kwenye simu tu gari bado imeshika ile ya zamani, na mara nyingi hazielewani mpaka ufute kote.

Wengine wanasema redio inakataa kuunganisha kwahiyo mbovu, kumbe wanajaribu gari ikiwa inatembea. Redio nyingi za Japani zinafunga hiyo menyu kwa usalama, paki pembeni uvute handbreki.

Simu zinaongeleka ila muziki hautoki? Sio spika. Sauti ya simu na ya muziki zinapita njia mbili tofauti, bonyeza jina la gari kwenye setingi za Bluetooth uangalie kama ya muziki imewashwa. Ila kuna redio za zamani zinapokea simu tu, hapo hata ufanyeje muziki hauji.

Eti Bluetooth inakula bando, hapana, kinachokula ni wimbo unaouvuta mtandaoni. Muziki ukianza kukatakata ukishapita Bunju huko pembezoni mwa Dar, cheza wimbo uliopo kwenye simu yenyewe, ukienda vizuri basi shida ni mtandao, gari usiiguse.

Android Auto na CarPlay (zile zinazoleta ramani na app za simu kwenye kioo cha redio) za bila waya ndo zinachanganya zaidi, mtu anasema gari yangu ina Bluetooth mbona haikubali. Bluetooth inazikutanisha kwanza, kazi kubwa inabebwa na waifai, ukiizima waifai ya simu imekula kwako. Na redio yenyewe lazima iwe imetengenezwa kukubali bila waya, kama inataka waya tafuta waya unaopitisha data maana zile za elfu mbili za barabarani nyingi zinachaji tu.

Ukimaliza yote hayo omba simu ya mtu mwingine ujaribu. Ikishika, tatizo ni simu yako. Nayo ikigoma, na ya tatu ikigoma, sasa hapo mpigie fundi.