Je, wajua kwa nini sangara hufa kwa wingi ziwani bila kutiliwa sumu?

Usiku kucha radi zimepiga na upepo umevuma mpaka mabati yakalia. Alfajiri unashuka mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, tuseme Igombe ya Mwanza kwenye Ziwa Victoria, na kabla hujaona kitu pua imeshakuambia. Sangara wametapakaa mchangani na katikati ya magugu maji, wengine urefu wa mtoto wa darasa la kwanza, matumbo juu, midomo wazi, matamvua yametanuka. Hakuna alama ya wavu wala ya ndoana. Wa kwanza kufika anasema neno lilelile: "Watu wametia sumu."

Shaka hiyo ina historia. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulifunga soko lake kwa samaki wa Ziwa Victoria kwa sababu kulikuwa na watu wanaovua kwa viuatilifu. Aliyeyaona hayo halaumiwi akiwaza sumu kwanza. Lakini sangara wanaookotwa baada ya dhoruba, mara nyingi wamekufa kwa kukosa pumzi, tena wakiwa ndani ya maji.

Watoto waliozoea kuona kwenye simu nyangumi aliyekwama pwani huuliza kama ni jambo hilohilo. Ni kinyume chake. Nyangumi ana mapafu kama sisi, na pale mchangani hewa anayo tele. Kinachomuua ni joto na uzito wake mwenyewe, ambao maji hayaubebi tena. Sangara hufia ziwani. Ufukweni huletwa na upepo, tumbo limeshajaa gesi ya kuoza, kwa hiyo alipookotwa si lazima pawe ndipo alipofia.

Lita moja ya hewa tunayovuta ina oksijeni zaidi ya mara 30 ya ile iliyoyeyuka kwenye lita moja ya maji ya ziwa, hata yakiwa maji mazuri. Samaki huishi kwa kubana matumizi tangu siku ya kwanza. Akipunguziwa kidogo tu, anaumia.

Na ziwa letu lina mahali ambapo oksijeni huisha kabisa. Ni ziwa pana lakini si refu kwenda chini: wastani wa kina ni mita 40 hivi, na penye kina zaidi ni kama mita 80. Kati ya Juni na Agosti pepo za kusini-mashariki huyapoza maji na kuyakoroga kutoka juu hadi chini. Zikishapita, jua hupasha maji ya juu, yakawa mepesi, yakalalia yale ya chini yaliyo baridi na mazito. Tofauti ya nyuzi moja au mbili inatosha kuyatenganisha kwa miezi. Kule chini giza ni totoro. Mwani, magugu na mizoga huzama huko, bakteria wanaviozesha huku wakimaliza oksijeni, na kinachobaki ni maji mabovu yenye harufu ya yai viza.

Sasa chukua bakuli la mchuzi wenye mafuta juu, ulipulize upande mmoja. Mafuta yanakimbilia ng'ambo, na hapo karibu na mdomo wako mchuzi wenyewe unajitokeza. Dhoruba huifanyia ghuba hivyohivyo. Maji ya juu yanasukumwa upande mmoja, na yale mabovu yanapanda upande wa pili, kwenye kina kifupi, waliko samaki. Kundi lililozingirwa usiku namna hiyo halina pa kukimbilia.

Ukitaka kujua kama ni sumu au ni pumzi, angalia kwanza aliyekufa ni nani. Sangara anahitaji oksijeni nyingi, na wakubwa ndio hutangulia. Sato huvumilia zaidi kidogo. Kambare hupanda juu akagugumia hewa, na kamongo ana mapafu kabisa, kwa hiyo hawa huendelea na shughuli zao kana kwamba hakuna msiba. Sumu haichagui namna hiyo: inaondoka na furu, dagaa, vyura, hadi wadudu wa majini. (Na kama jicho limeshamwona yule mkubwa mwenye bondo nono, kile kibofu chake cha hewa kinachouzwa, muache. Hujui amekufa saa ngapi.)

Mwishoni mwa 2020 na kuingia Januari 2021, sangara wengi waliokotwa kwenye fukwe za Uganda. Uvumi wa sumu ukaenea, lakini watafiti wa huko wakasema ni oksijeni. Novemba 2022 ikawa zamu ya wafugaji wa sato kwenye vizimba upande wa Kisumu, na hapo hata uvumilivu wa sato haukusaidia, maana aliye kizimbani hawezi kuhama.

Dhoruba zilikuwepo tangu enzi za mababu. Kilichoongezeka ni chakula cha mwani: mbolea, majitaka ya miji, udongo unaosombwa na mvua. Tangu miaka ya 1960 ziwa limezidi kuwa la kijani, na eneo la chini lisilo na oksijeni limepanuka. Mito nayo haikusalimika. Machi 2022 maji ya Mto Mara, upande wa Tanzania, yaligeuka meusi na samaki wakaelea. Kamati ya serikali ikataja kinyesi cha mifugo na mimea iliyooza, kwamba ndivyo vilivyomaliza oksijeni. Wengi hawakuikubali taarifa ile, na sishangai, kwa sababu kifo cha aina hii hakiachi ushahidi ndani ya maji.

Mwani ukiwa hai nao hutumia oksijeni usiku, lakini mchana huitengeneza kwa mwanga wa jua. Kwa hiyo maji huwa mabaya kuliko saa zote muda mfupi kabla ya mapambazuko, wakati mwaloni hakuna mwenye kipimo. Jua linapanda, upepo unageuka, yale maji ya chini yanarudi kwao. Afisa uvuvi anafika saa tano, anachovya kipimo chake, kinasoma vizuri. Samaki wamelala pale miguuni pake, na watu waliomzunguka wanaangaliana.