Panya Mnene Si Lazima Awe Mlafi

"Mama, mwanao mlafi. Mpunguzie chakula." Nimeyasikia tena wiki iliyopita, kwenye foleni ya kliniki hapa Mtwara, na safari hii yameniudhi kweli, maana msemaji ni mtaalamu mwenzangu. Mtoto aliinamisha kichwa, akawa anavuta fulana ifunike tumbo. Nimelisha panya wa maabara miaka mingi, na wao wananikataza kukubali kauli hiyo.

Panya wadogo wa aina ya ob (kifupi cha neno la Kiingereza obese, yaani mnene), walioonekana mara ya kwanza mwaka 1949 katika Jackson Laboratory, Marekani, hula sana. Hilo halina ubishi. Sasa wapimie. Kila asubuhi angalia nduguye mwembamba alikula gramu ngapi jana, kisha mpe mnene gramu zilezile, asizidishiwe hata punje. Acha wiki zipite. Ukimpasua, mafuta yamejaa kuanzia chini ya ngozi hadi kuzunguka figo. Kala sawa na nduguye, kanenepa kumzidi! Mwili wake hautoi leptini, homoni ya seli za mafuta ambayo jeni yake ilipatikana 1994. Ubongo usipoipata huamini kuna njaa: joto la mwili hushuka, mnyama hatembeitembei, kalori zinawekwa akiba. Ulafi hapo ni dalili, siyo chanzo. Binadamu wasio na leptini ni wachache mno. Wanene wengi wanayo tele, ila ubongo hauitikii ipasavyo.

Halafu kuna wanaosema mwili unajua kuchagua chakula unachohitaji. Kwa chumvi, sawa: panya aliyetolewa tezi za adrenali, zile za juu ya figo zinazosaidia mwili kutunza chumvi, huyafuata maji ya chumvi mwenyewe akaishi. Lakini mwekee biskuti na chokoleti kando ya chakula chake cha kawaida, uone anavyonenepa. Tena si wote: ukoo wa panya wa maabara uitwao Osborne-Mendel hunenepa kwa chakula cha mafuta mengi, ukoo wa S5B/Pl ukala hichohicho ukabaki mwembamba. Je, mnyama hunenepa kwa kuwa anapenda mafuta, au huyapenda kwa kuwa mwili wake tayari umeelekea huko? Nimebadili mawazo mara mbili, na bado siwezi kuapa.

Sukari nayo, ikiyeyushwa kwenye maji, mara nyingi huwanenepesha panya kuliko ikiwa unga mkavu. Ndiyo maana yule mama sikumuuliza mtoto anakula kiasi gani. Nilimuuliza anakunywa nini.

"Chai ya sukari asubuhi, soda akitoka shule, juisi ya pakiti jioni." Ugali alikuwa anakula sawa na dada zake.