Kinga "iliyopanda hadi mwisho" si afya

Ule ujumbe wa tangawizi, limau na kitunguu saumu umerudi tena kwenye magrupu: kunywa kila asubuhi, "pandisha kinga hadi mwisho", hutaugua. Chai ya tangawizi hata mimi naipenda. Kosa liko kwenye hayo maneno "hadi mwisho".

Kinga si tangi la kujazwa. Seli T, aina ya chembe nyeupe za damu, huongezeka zikipata ishara ya protini kama interlukini-2. Lakini zipo seli T za kudhibiti, ambazo huifyonza protini hiyo hiyo ili wenzao wasizidi. Breki ikilegea, mwili hujishambulia, kama kwenye kisukari cha aina ya kwanza. Mwaka 2006 jijini London, watu 6 wenye afya walipewa dawa ya majaribio ya kuamsha seli T. Wote waliishia chumba cha wagonjwa mahututi.

Wengi huchanganywa na CD4, yaani hesabu ya aina ya seli T ambazo VVU huziharibu. Kwa mwenye VVU, hesabu hiyo ikipanda ni habari njema, maana ilikuwa imeshuka.

Unataka kuhakikisha? Soma karatasi iliyo ndani ya pakiti ya methotreksati, dawa ya baridi yabisi, ugonjwa ambao kinga hushambulia maungio ya mwili: yenyewe hupunguza kinga. Ujumbe ukikufikia, usiusambaze, muulize mfamasia.