Chai ya danggui haisafishi kizazi

Kuna ujumbe usiokoma kwenye magrupu: kunywa chai ya danggui, mzizi wa dawa wa Kichina, itoe "damu chafu" kizazini. Si kweli. Damu ya hedhi si uchafu. Ni damu pamoja na utando wa ndani wa mfuko wa uzazi, na hutoka wenyewe kila mwezi. Kinachotisha wengi ni rangi nyeusi, kumbe damu ikichelewa kutoka hubadilika rangi.

Anayemeza warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, aiepuke danggui, kwani inaweza kuzidisha kutokwa damu. Soma viambato kwenye pakiti, mwonyeshe mfamasia. Pakiti isiyotaja viambato iache dukani. Pedi ikilowa kila saa kwa saa kadhaa, au hedhi ikizidi siku 7, nenda hospitali. Ujumbe huo tafadhali usiusambaze, unawachelewesha wagonjwa.