Alichokifuta Picasso kwenye "Guernica"

Wengi wanaochora vita huanza na bunduki, ndege na damu. Macho ya mtazamaji hukimbilia hapo, na anayeumia anabaki pembeni. Ndiyo maana nasisitiza kuisoma "Guernica", picha ya vita ya mchoraji Mhispania Pablo Picasso, kwa kufuatilia kile alichokiondoa.

Mji wa Guernica, katika eneo la Wabasque kaskazini mwa Hispania, ulipigwa mabomu na ndege za Wajerumani na Waitalia tarehe 26 Aprili 1937. Picasso alianza michoro ya awali mjini Paris tarehe 1 Mei, na mwanzoni mwa Juni kanvasi ya karibu mita 3.5 kwa 7.8 ilikuwa imekamilika. Mpiga picha Dora Maar, mwenzi wake, aliipiga picha hatua kwa hatua, kwa hiyo mabadiliko yake mengi yanaonekana.

Mwanzoni askari aliyelala chini ameinua mkono, ngumi imekazwa. Baadaye ngumi ile inashika masuke, nyuma yake jua kubwa. Ilikuwa ikielekea kuwa bango la siasa. Picasso akaufuta mkono wote. Jua likabanwa hadi likapata umbo la jicho, ndani yake akatia balbu. Kichwa cha farasi, kilichokuwa kimeinamia chini, akakipandisha katikati, mdomo wazi: palipokuwa na ushujaa sasa pana ukelele. Kwangu hakuna uamuzi mkubwa kuliko huo katika kazi nzima. Alijaribu hata kuwabandikia wanawake vipande vya karatasi ya mapambo viwe nguo, kisha akavibandua. Zikabaki rangi nyeusi, nyeupe na kijivu.

Sasa mtazame mama upande wa kushoto, aliyempakata mtoto aliyekufa. Macho yake yamechorwa kwa umbo la chozi. Ulimi umechongoka mithili ya ncha ya kisu, na wa farasi vivyo hivyo, hata kelele unaiona. Macho ya mtoto hayana mboni, kichwa kimening'inia, mkono umelegea. Mistari ya mama imekaza, ya mtoto imelegea. Kifo kinaeleweka bila tone la damu.

Ndege ya vita hakuna hata moja, wala rubani.

Ukichora vita, funika silaha zote kwa karatasi kisha uitazame upya picha yako. Uchungu ukipotea, ulikuwa umeubebesha silaha. Rudi kwenye mdomo na viganja kwanza, maana uso wenye machozi mengi na mikono isiyo na kazi hauaminiki.