Je, wajua kwa nini soksi tatu zinaweza kukuacha na miguu baridi kuliko soksi moja?

Ilikuwa Julai, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, juu ya Matamba kuelekea Kitulo, wilayani Makete, nyanda za juu kusini mwa Tanzania, mita zipatazo 2,600 kutoka usawa wa bahari. Umande ulikuwa umeganda kwenye nyasi. Ukikanyaga, unasikia mlio kama wa chumvi ya mawe. Nilivaa soksi pea tatu ndani ya gambuti, na vidole vya miguu sikuvisikia tena. Mama mmoja aliyekuwa akichimba viazi aliniona nikipigapiga miguu chini.

"Mwanangu, vua soksi mbili. Na hicho kitenge cha kiunoni, jifunge kifuani."

Nilitii kwa heshima tu, maana sikuamini. Baada ya kama robo saa vidole vilianza kuwasha. Damu ilikuwa inarudi.

Miaka yote nilidhani soksi ina joto lake, kama jiko. Hata lugha yetu inatusukuma huko: tunasema blanketi hili lina joto, sweta lile halina. Lakini iache soksi nje usiku kucha Makete, asubuhi utaikuta baridi sawa na jiwe lililo kando yake. Na ukilifunga pande la barafu kwa blanketi zito, barafu inachelewa kuyeyuka. Blanketi halipashi kitu moto. Linazuia joto lisipite, liwe linatoka au linaingia, na kinachofanya kazi hiyo hasa ni hewa iliyotulia katikati ya nyuzi. Sasa chukua soksi tatu uzishindilie kwenye gambuti lenye nafasi ya moja: hewa imekamuliwa yote, na mguu umebanwa kiasi kwamba damu inapita kwa shida. Kiatu kikiwa na nafasi ya kutosha, soksi mbili zinafaa kabisa. Tatizo ni kubanwa.

Kama soksi haina joto, joto la vidole linatoka wapi? Karibu lote linaletwa na damu. Vidole vyenyewe havizalishi la maana, kwa sababu misuli mingi inayovikunja haiko kwenye vidole. Shika mkono wako chini kidogo ya kiwiko, kisha kunja na kukunjua vidole: utaisikia misuli ikicheza huko juu.

Fikiria mji wenye tangi moja la maji na mgao wa kiangazi. Maji yakipungua, fundi wa maji analinda hospitali kwanza, na koki anayoanza kuifunga ni ya mtaa wa mwisho kabisa. Mwili nao una hospitali yake: moyo, ini, ubongo, ambavyo vinatakiwa kubaki kwenye nyuzi joto 37 hivi. Mtaa wa mwisho ni vidole. Kwenye ngozi ya vidole, viganja na nyayo kuna vijia vya mkato vinavyounganisha mishipa inayoleta damu na ile inayoirudisha. Vikifunguka, damu nyingi ya moto inamwagika karibu na ngozi. Vikifungwa, inabaki kidogo mno. Wakazi wa mtaa huo wanaweza kupanga mapipa kumi barabarani, lakini bomba likiwa limefungwa, mapipa yatabaki matupu. Soksi ni mapipa. Anayetaka maji ajaze tangi, yaani afunike kifua, shingo na kichwa, na atembee.

Kuna jambo lingine, na mimi bado linanishangaza. Mwaka 1930 daktari Mwingereza, Thomas Lewis, alieleza kwamba vidole vilivyotumbukizwa kwenye maji ya barafu hupoa, kisha baada ya dakika kati ya tano na kumi hivi vinapata joto vyenyewe, halafu vinapoa tena, kwa mawimbi. Fundi anafungua koki kidogo, anafunga, anafungua. Namna hasa inavyotokea, wataalamu wanabishana hadi leo, na tafiti za kuvizoesha vidole baridi zimetoa majibu yanayopingana. Kilicho wazi ni kwamba mwili mzima ukiwa umepoa, mawimbi hayo hudhoofika. Tunarudi palepale kifuani.

Unyevu nao ni adui mkubwa. Maji hupitisha joto takribani mara 25 kuliko hewa, na gambuti halitoi jasho, kwa hiyo soksi kavu mfukoni ina thamani kuliko ya pili mguuni. Kwa dereva wa bodaboda anayepandisha milima ya Uporoto alfajiri, upepo hufagia joto la mikono haraka. Glavu isiyopitisha upepo ndiyo inayomfaa. Pombe hufungua koki zote: unasikia joto, kumbe tangi linavuja. Na tafadhali, jiko la mkaa lisilale nanyi chumbani. Hewa yake ya sumu haina harufu, na inaua watu usingizini.

Kabla ya kuagana nilitazama miguu ya yule mama. Soksi moja ya sufu, gambuti kubwa kwa namba mbili, na juu sweta mbili chini ya kitenge.

"Ni za baba yao," alisema. "Humu vidole vinacheza."