Nguvu ya mwili hutengenezwa wapi? Maswali ya mwaloni Kibirizi

Maswali haya niliulizwa na wavuvi na akina mama wanaoanika dagaa katika mwalo wa Kibirizi, Kigoma. Nimeyajibu hapa kwa kirefu kuliko nilivyoweza siku ile, maana wengine walikuwa wanawahi boti.

Nesi, ugali wa muhogo nakula nashiba. Mbona mwili hauna nguvu?

Baba, kushiba ni jambo moja, nguvu ni jingine. Chukua tonge la ugali mtupu, litafune polepole: utasikia utamu unakuja. Hapo mate yameanza kugeuza wanga kuwa sukari. Kazi hiyo humalizikia kwenye utumbo mwembamba, na sukari iitwayo glukosi huingia kwenye damu na kupelekwa kwenye seli, yaani chembe hai ndogo zinazojenga mwili. Ndani ya seli kuna vyumba vidogo mno, mitokondria. Humo sukari hukutana na oksijeni uliyovuta, nishati inapatikana, na kinachobaki ni maji na ile hewa chafu unayoitoa puani.

Kwa hiyo chakula peke yake hakitoshi, lazima damu ifikishe oksijeni. Malaria huvunja chembe nyekundu zinazobeba oksijeni, na minyoo ya safura hunyonya damu utumboni. Mtu wa namna hiyo anamaliza sahani nzima, lakini akipanda kwenda mjini, eneo la Mwanga, anahema njia nzima. Kabla ya kuulaumu ugali, nenda kapime damu.

Hiyo nishati iliyomo kwenye chakula imetoka wapi?

Juani. Jani la muhogo hunasa mwanga na kutengeneza wanga, ambao mmea huuweka kwenye mizizi. Ziwani ni vivyo hivyo: mimea midogo isiyoonekana kwa macho hunasa mwanga, vidudu vinavyoelea huila, dagaa hula vidudu, samaki mgebuka humla dagaa. Kila hatua sehemu kubwa ya nishati hupotea kama joto, takriban moja ya kumi tu ndiyo husonga mbele.

Bibi anatukataza kula muhogo mchungu ambao haujalowekwa. Ni imani tu?

Bibi yuko sahihi kabisa, msikilizeni. Muhogo mchungu hutoa sumu ya sayanidi, na sumu hii hushambulia palepale kwenye mitokondria. Damu inaweza kuwa imejaa oksijeni, lakini seli zinashindwa kuitumia. Mtu anaumwa kichwa, anapata kizunguzungu, anatapika, na anaweza kufa. Dalili hizo zikitokea baada ya kula muhogo, msisubiri kuche, mkimbizeni kituo cha afya.

Kuna pia konzo, ugonjwa unaopoozesha miguu ghafla na usiopona. Mwaka 1985 uliwakumba watu wa Tarime, mkoani Mara, wakati wa ukame, walipoishi kwa muhogo mchungu ambao haukuandaliwa vya kutosha. Menya, loweka siku tatu au zaidi mpaka ulainike, kisha anika juani ukauke kabisa. Na ule na dagaa! Protini yake ina salfa, ambayo mwili huitumia kuipunguza makali sumu hiyo.

Vile vinywaji vya kuongeza nguvu tunavyokunywa usiku ziwani?

Nishati iliyomo ni sukari tu. Kafeini, kile kichangamshi kilichomo, haiongezi nishati, inaziba ile taarifa ya uchovu isifike kwenye ubongo. Uchovu wenyewe bado upo, na wewe uko majini usiku. Lala mchana kabla ya kutoka.

Mwanangu ana miezi minane. Uji wa muhogo unamtosha?

Aliyeuliza alikuwa na mtoto mgongoni, mikono yote miwili ndani ya dagaa. Hapana, mama, haumtoshi. Tumbo lake ni dogo, na uji mwepesi hulijaza maji. Gramu moja ya wanga ina kilokalori 4, ya mafuta ina 9, kwa hiyo kijiko kidogo cha mawese kinaongeza nishati nyingi bila kujaza tumbo, na yale mekundu yana vitamini A. Pika uji mzito usiodondoka kwenye kijiko. Dagaa walioanikwa mchangani waoshe hadi mchanga uishe, wakaushe tena, wasage unga, na uweke kijiko kimoja kwenye uji unapochemka. Nyonyesha kama kawaida hadi afike miaka miwili.